BIBI BERYL BURTON, MPANDA BAISKELI WA YORKSHIRE

(Yafuatayo ni maneno ya hotuba juu ya maisha ya mpanda baiskeli wa ridhaa.)

Wasikilizaji, hapana mji wala kijiji katika Kenya ambamo baiskeli haijulikani. Huchukua mitungi ya maziwa, magunia ya mahindi, wagonjwa na wageni. Na zamani karani au mwalimu aliyenunua Raleigh yake ya kwanza alitazamwa na mtaa mzima. Kila mtu aliyewahi kukipanda kilima juu ya baiskeli, na mzigo umefungwa nyuma, anajua jinsi kifua kinavyowaka na miguu inavyokataa amri. Habari za leo zamhusu mwanamke aliyeujua uchungu huo kuliko watu wengi duniani, ambaye aliutafuta mwenyewe kila juma kwa muda wa miaka karibu 40, bila kupokea mshahara kwa ajili yake.

Jina lake Beryl Burton. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1937 katika mtaa wa Halton, mjini Leeds, upande wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Tangu mwaka wa 1959 hata mwaka wa 1983, yaani miaka 25 mfululizo, hakutokea mwanamke mwingine wa Uingereza aliyeweza kumnyang'anya cheo cha mpanda baiskeli bora wa mwaka katika mbio za kupimwa kwa saa. Mara saba alikuwa bingwa wa dunia. Ubingwa alioupata katika nchi yake mwenyewe wazidi 90. Na katika miaka hiyo yote alikuwa mtu wa ridhaa: mkate wake aliupata kwa kazi ya mikono shambani, na mbio zilikuwa mambo ya alfajiri, ya jioni na ya siku ya Jumapili.

Utoto wake haukuonyesha dalili yo yote ya mambo hayo. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alifanya mtihani ule uliowagawa watoto wa Uingereza wa wakati huo, hawa waende katika shule za elimu ya juu, na wale waende katika shule za kawaida. Beryl alishindwa. Fedheha ilimwingia sana, na punde si punde akaugua vibaya, homa ya baridi yabisi pamoja na ugonjwa ule wa neva ambao huvifanya viungo vya mwili vitikisike vyenyewe. Alilazwa hospitali miezi tisa, kisha akakaa miezi kumi na mitano katika nyumba ya kuwapumzishia wagonjwa, mbali na wazazi wake. Homa hiyo si ya mchezo. Huanza kwa koo kuuma, jambo ambalo wazazi wengi hulidharau. Koo lisipotibiwa kwa dawa ifaayo, ugonjwa huweza kushuka na kuiharibu milango ya moyo, nao ungali ukiwapata watoto wengi wa Afrika hata leo. Basi Beryl alipotoka huko, waganga walimwonya asijitaabishe kwa kazi nzito wala michezo ya nguvu, maana moyo wake haukuwa kama wa watu wengine.

Alipomaliza shule akapata kazi katika kiwanda cha kushona nguo mjini Leeds, na huko akakutana na kijana aitwaye Charlie Burton, ambaye kila siku alikuja kazini kwa baiskeli na alikuwa mwanachama wa chama cha wapanda baiskeli. Walioana mwaka wa 1955, bibi arusi akiwa hajatimiza miaka kumi na minane. Bwana Charlie ndiye aliyempandisha mkewe baiskeli ya mbio. Baadaye alizoea kusimulia jinsi mambo yalivyokwenda: mwaka wa kwanza iliwapasa wenzake kumsukuma vilimani, mwaka wa pili alikwenda sawa nao, mwaka wa tatu yeye alikuwa mbele nao wakimfuata. Binti yao, Denise, alizaliwa mwanzoni mwa mwaka wa 1956. Mwaka uliofuata mama yake alikuwa wa pili katika ubingwa wa wanawake wa Uingereza wa maili 100.

Hapa yafaa kueleza kidogo aina ya mbio zilizomlea, kwa kuwa hazifanani na zile ambazo watu huziona katika picha za Ufaransa na Italia, ambako kundi kubwa la wapanda baiskeli huondoka pamoja na kuzongana barabarani. Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, wakuu wa chama cha baiskeli waliogopa kwamba polisi na wenye magari ya farasi wangewafukuza wapanda baiskeli wote barabarani, kwa hiyo wakazikataza mbio za kundi. Ndipo, mwaka wa 1895, Bwana Frederick Thomas Bidlake na wenzake wakaanzisha njia nyingine. Kila mshindani huondoka peke yake, mmoja baada ya mwingine, wakiachana dakika moja. Hana ruhusa ya kujificha nyuma ya mwenzake apate kukingwa na upepo. Na mwisho wa safari saa ndiyo inayohukumu. Mbio hizi zilifanywa alfajiri na mapema, kabla barabara hazijajaa. Washindani walivaa nguo nyeusi wasije wakatazamwa, na barabara zenyewe ziliandikwa kwa herufi na namba ili mtu asiyehusika asijue watu wanakwenda wapi. Yaonekana kama mambo ya wezi! Lakini desturi hiyo iliwafaa watu wa viwandani na wa migodini wa kaskazini. Mtu hakuhitaji kikosi, wala tajiri wa kumtunza. Alihitaji baiskeli, barabara, na moyo wa kuamka saa kumi za usiku.

Bwana na Bibi Burton walikaa Morley, mji mdogo karibu na Leeds, na Beryl akaajiriwa na mkulima mmoja wa hapo, Bwana Nim Carline, ambaye naye alikuwa mpanda baiskeli hodari, bingwa wa mbio za saa 24. Zao lao lilikuwa rubabi. Mmea huu una majani mapana yasiyolika na mashina mekundu machachu ambayo Waingereza huyapika kwa sukari. Na wakulima wa sehemu hizo wana ufundi wao wa kuung'oa wakati wa baridi na kuukuza ndani ya vibanda vyenye giza totoro. Mizizi yake ni mikubwa, nayo hung'olewa pamoja na udongo uliolowa au ulioganda kwa baridi. Kazi ya Beryl ilikuwa kuchimba, kuinama na kubeba, mwaka baada ya mwaka. Watu waliomwuliza siri ya nguvu zake, wakitazamia kusikia habari za waalimu na dawa, walielekezwa shambani. Kazi ilipokwisha alipanda baiskeli, na juma lilipokwisha alikuwa amekwenda mamia ya maili.

Nyumbani palikuwa na mpango ambao majirani wa Yorkshire wa miaka ile waliuona wa ajabu. Bwana Charlie aliacha kushindana, akawa fundi wa baiskeli ya mkewe, dereva wake, mpishi wake siku za mbio, na mlezi wa mtoto. Ndiye aliyesimama kando ya barabara akiwa na chupa ya maji mkononi, mvua ikinyesha, binti yao akiwa karibu naye. Hakuna kikombe chenye jina lake, lakini bila yeye kabati lile la vikombe lingekuwa tupu, na mtu mwenye haki hana budi kumtaja.

Sifa ya Beryl ilivuka bahari mwaka wa 1959. Mjini Liège, Ubelgiji, alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za kufukuzana za mita 3,000, ambazo washindani wawili huzikimbia katika uwanja wa mviringo, mmoja akianzia upande huu na mwenziwe upande wa pili. Ubingwa huo aliupata tena mwaka wa 1960, 1962, 1963 na 1966. Mwaka huo wa 1960, huko Ujerumani ya Mashariki, alishinda pia mbio kubwa za barabarani katika njia ya Sachsenring, na alivyoshinda ndivyo alivyofunzwa na barabara za kwao: aliliacha kundi nyuma, akaenda peke yake kana kwamba anashindana na saa, akafika zaidi ya dakika tatu kabla ya mtu wa pili. Mwaka wa 1961 alikuwa wa pili. Mwaka wa 1967, mjini Heerlen, Uholanzi, aliutwaa tena ubingwa wa barabarani kwa njia ile ile, na wanawake wa Urusi waliosifiwa sana siku zile wakabaki nyuma.

Baada ya ushindi wa mwaka wa 1960, kampuni ya Raleigh, ile ile ambayo baiskeli zake zilijaa katika maduka ya Wahindi toka Mombasa hadi Kisumu, ilimwita awe mpanda baiskeli wa kulipwa. Alikataa. Wengine walimwona mjinga, na kwa hesabu ya fedha walikuwa na sababu. Lakini sheria za siku zile zilikuwa kali: mtu akipokea fedha za kampuni, mlango wa mbio za ridhaa ulifungwa nyuma yake, na mbio za dunia za wanawake zilikuwa za ridhaa. Mwanamke wa kulipwa angepewa kazi ya kuvunja rekodi ili kutangaza baiskeli, basi. Wenzake wa kushindana nao asingewaona tena. Beryl alitaka kushindana. Akarudi kwenye mizizi ya rubabi.

Gharama za kukataa hazikuwa ndogo. Msaada uliotoka kwa wakuu wa mchezo ulikuwa haba, na mtu aliyepata ubingwa wa dunia siku ya Jumapili alitakiwa shambani siku chache baadaye. Tena michezo ya Olimpiki haikuwa na mbio za baiskeli za wanawake hata kidogo hadi ile ya Los Angeles ya mwaka wa 1984, na wakati huo Beryl alikuwa na umri wa miaka 47. Miaka yake bora yote ilipita bila mlango huo kufunguliwa. Medali ya Olimpiki ambayo watoto wa shule hujifunza majina ya walioipata, yeye hakupewa hata nafasi ya kuikosa.

Hata hivyo jambo lililomfanya asisahauliwe halikutukia katika nchi za kigeni. Lilitukia Yorkshire, tarehe 17 Septemba 1967, siku chache tu baada ya ushindi wa Heerlen. Chama cha baiskeli cha Otley kilikuwa na mbio za saa kumi na mbili. Masharti ni mepesi kueleza: kila mtu huendesha kwa saa kumi na mbili, na aliyekwenda mbali zaidi ndiye mshindi. Wanaume waliondoka kwanza, mmoja mmoja, na wanawake wakafuata nyuma yao. Mwanamume wa mwisho kuondoka alikuwa Mike McNamara, hodari kuliko wote waliokuwapo, na Beryl aliondoka dakika chache nyuma yake.

Saa zikapita. Mmoja baada ya mwingine, Beryl aliwafikia wanaume waliomtangulia na kuwapita. Tumbo lilimsumbua njiani. Mwishowe, zikiwa zimepita maili zaidi ya 200, hakubaki mbele yake ila McNamara mmoja, ambaye siku hiyo hakuwa amelala usingizi: alikuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume wa Uingereza, naye akaivunja kweli, kwa kwenda maili 276.52. Beryl alipomkaribia aliona haya kumpita mtu aliyekuwa akijitahidi hivyo, wala hakujua aseme nini. Akatia mkono katika mfuko wa nyuma wa fulana yake, akatoa peremende, ya aina ile ya rangi nyingi ambayo hupendwa na watu wa Yorkshire, akampa. McNamara akaipokea na kumshukuru. Kisha Beryl akakanyaga pedeli akaenda zake.

Saa ya kumi na mbili ilipotimia alikuwa amekwenda maili 277.25. Ni vema kulipima jambo hili kwa barabara inayojulikana hapa. Mtu aondokaye Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, na jua likitua akawa yu karibu na Mariakani, ndiye aliyekwenda mwendo huo. Tena barabara ile hutelemka kuelekea pwani, na ya Yorkshire haimtelemkii mtu. Wastani wake ulikuwa maili 23 kwa kila saa, na kula kwake, kunywa kwake na haja zake zote zimo ndani ya hesabu hiyo. Rekodi ya McNamara, iliyokuwa bora kuliko ya mwanamume ye yote kabla yake, ilizidiwa na mwanamke siku ile ile ilipozaliwa. Wanaume hawakumpita Beryl hadi mwaka wa 1969. Katika michezo ya kupimwa kwa saa na kwa maili, ni mara chache mno mwanamke amepata kushika rekodi iliyo mbele ya ile ya wanaume, na wale waliokuwa wakisema mwili wa mwanamke hauwezi safari ndefu ilibidi watafute maneno mengine.

Mwisho wa mwaka huo watu wa Uingereza walipopiga kura ya kumchagua mwanamichezo wa mwaka, Beryl alikuwa wa pili, nyuma ya bondia Henry Cooper. Malkia alikuwa amekwisha kumpa nishani mwaka wa 1964, akampa nyingine ya juu zaidi mwaka wa 1968. Mwaka huo wa 1968 pia alikwenda maili 100 kwa saa 3, dakika 55 na nukta 5, rekodi iliyodumu miaka 28; na Wafaransa wakamwalika katika Grand Prix des Nations, mbio zao kubwa za saa ambazo zilikuwa za wanaume wa kulipwa peke yao. Hakuhesabiwa miongoni mwa washindani, lakini aliruhusiwa kuipita njia ile ile siku ile ile, akaenda kwa mwendo wa kilomita 41.853 kwa saa. Mfanya kazi wa shambani, katika njia ya Gimondi!

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Hamu ya kushinda haikumwacha apumzike, na mtu aliyepata ujasiri wa kukaa naye nyumba moja na kushindana naye barabarani ndiye aliyeiona hamu hiyo kwa karibu. Huyo ni Denise. Binti yule aliyekulia kando ya barabara alipanda baiskeli naye, akawa hodari, hata mwaka wa 1972 mama na mwana walichaguliwa pamoja kuiwakilisha Uingereza katika mbio za dunia. Na mwaka wa 1975 Denise alipata medali ya shaba ya dunia. Ikafika siku ya ubingwa wa barabarani wa Uingereza wa mwaka wa 1976. Mama na binti walifika mwisho pamoja na wengine wachache, na katika hatua za mwisho Denise akampita mama yake kwa upana wa gurudumu. Walipopanda jukwaani kupewa zawadi, Beryl alikataa kumpa mwanawe mkono. Aliona kwamba Denise alijificha nyuma ya wengine akazitunza nguvu zake, huku yeye mama akifanya kazi ya kuliongoza kundi mbele ya upepo. Watu waliokuwapo waliinamisha macho.

Hapana haja ya kumtetea kwa jambo hilo, naye hakujitetea. Katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1986, alikiri kwamba alikosa. Ni dhahiri kwamba moto uliompitisha mbele ya McNamara haukujua kuchagua wa kumwunguza. Lakini miaka sita baada ya siku ile, mwaka wa 1982, Beryl na Denise walipanda baiskeli moja, ile ya viti viwili, wakavunja pamoja rekodi ya wanawake wa Uingereza ya maili kumi kwa dakika 21 na nukta 25. Katika baiskeli ya watu wawili pedeli za wote wawili huzunguka pamoja. Asiyekanyaga huonekana mara moja, na siku hiyo hakuna aliyelalamika.

Mwaka wa 1984 cheo cha mpanda baiskeli bora kilikwenda kwa mwingine baada ya miaka 25. Wengi wangefurahi kupumzika hapo. Beryl aliendelea kuandikisha jina lake katika mbio za Jumapili, akishindwa na wasichana ambao walikuwa hawajazaliwa alipoushika ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Muda uliongezeka kila mwaka, dakika hapa, dakika pale, na rafiki zake walimsihi apunguze. Hakupunguza. Moyo ambao waganga waliuogopea tangu utoto ulikuwa umeanza kupiga bila mpango.

Tarehe 5 Mei 1996, siku saba kabla ya kutimiza miaka 59, alitoka kwa baiskeli kuwapelekea rafiki kadi za kuwaalika katika sikukuu ya kuzaliwa kwake. Moyo ukasimama njiani.

Huko Morley ipo bustani yenye jina lake, na ukutani amechorwa akiwa ameinamia usukani. Mwaka wa 2014, mbio za Tour de France zilipoanzia mjini Leeds, mchezo wa kuigiza juu ya maisha yake ulichezwa mjini humo humo, na watu wa Yorkshire ambao hawakuwa wamesikia habari zake walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba bingwa wa dunia mara saba alikuwa akiishi mtaani mwao na kufanya kazi ya kuchimba mizizi. Maili zile 277.25 za mwaka wa 1967 hazikufikiwa na mwanamke ye yote wa Uingereza kwa muda wa miaka 50. Aliyezipita ni Alice Lethbridge, mwaka wa 2017, aliyekwenda maili 285.65, naye alikuwa na baiskeli na mavazi ambayo Beryl, na soksi zake za sufi na peremende zake mfukoni, hakupata kuyaona.